Shule Mlimani: Majeraha na Nguvu za Watoto Chini ya Mlima Meru, 1896–1952

Utangulizi

Kila mchungaji aliyewahi kufundisha darasa la kipaimara amekutana na mtoto asiyefundishika. Haketi kwa utulivu. Akiulizwa hujibu kwa ukali au hajibu kabisa. Amri alizozikariri leo, kesho zimemtoka. Aghalabu mwalimu huwa na majina mawili tayari kwa mtoto wa namna hiyo: mvivu, au mkaidi. Wanasaikolojia wa elimu wa siku zetu wanatuomba tufikiri jina la tatu, nalo ni aliyejeruhiwa. Wanatuambia kwamba mtoto aliyeona vita, kifo, kipigo au kufukuzwa nyumbani hubeba kiwewe ndani yake, na kwamba kiwewe hicho huingia naye darasani. Wanaongeza jambo la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza: mtoto huyo hatakiwi kutazamwa kwa majeraha yake peke yake. Anazo nguvu, yaani ujuzi, lugha, imani, ndugu, na ule uhodari wenyewe uliomfikisha hapo akiwa hai. Mwalimu mwema huanzia kwenye nguvu hizo.

Makala hii haikusudii kuyarudia mafundisho ya wataalamu hao. Inakusudia kuuliza swali la historia. Je, fikira hii ni ngeni kwetu? Katika eneo la Arusha na miteremko ya Mlima Meru, katika muda usiofika miaka sitini, vizazi vitatu vya watoto viliingia shuleni vikitoka katika maafa makubwa. Wawili kati ya hao watatu walikuwa wana wa mlima huu. Mmoja alitoka mbali sana. Yatupasa kuona jinsi kila kizazi kilivyopokelewa, nani aliona majeraha yao, na nani aliona nguvu zao.

1. Shule iliyojengwa juu ya majivu

Historia ya Ukristo Umeruni kwa kawaida huanza kusimuliwa kwa vifo vya wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliouawa Akeri mwezi wa Oktoba mwaka 1896 pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Kanisa limewakumbuka kama mashahidi, na ni haki wakumbukwe. Lakini simulizi yetu mara nyingi huruka kutoka makaburi yale hadi mwaka 1902, misheni ilipofunguliwa Nkoaranga, kana kwamba katikati hapakuwa na kitu.

Katikati palikuwa na mambo mengi. Kapteni Johannes, aliyeiongoza ngome ya Wajerumani huko Moshi, alileta jeshi la adhabu pamoja na wapiganaji wengi wa Kichaga. Watu waliuawa, migomba ilikatwa, nyumba zilichomwa, ng'ombe walitekwa kwa maelfu. Kisha wanaume wa Kimeru na wa Kiarusha walilazimishwa kufanya kazi ya kujenga boma la Arusha. Mwaka 1900 viongozi kadhaa wa Wachaga, Wameru na Waarusha walinyongwa hadharani kule Moshi.

Basi tufikiri juu ya mtoto aliyeketi katika darasa la kwanza la Nkoaranga mwaka 1902 au 1903. Kama alikuwa na umri wa miaka kumi, alizaliwa kabla ya vita na aliiona kwa macho yake. Mwalimu aliyesimama mbele yake alikuwa na sura ya watu waliokuja na bunduki. Je, ni ajabu kwamba wazazi wengi walikawia kuwapeleka watoto wao? Zamani ilikuwa desturi kuuita ukawiaji huo ugumu wa moyo au giza la upagani. Leo twaweza kuuita kwa jina lake: ilikuwa hofu ya watu wenye sababu ya kuogopa.

Hata hivyo yapo mambo mawili yaliyowasaidia watoto wale, na yote mawili yalitoka kwao wenyewe. La kwanza lilikuwa ukoo na rika. Nyumba zilizochomwa zilijengwa tena kwa mikono ya ukoo. Migomba iliyokatwa ilichipuka kutoka mashinani. Yatima hakuhesabiwa kuwa yatima ilhali babaye mdogo yu hai. La pili lilikuwa lugha. Wamisionari wa Leipzig walishika msimamo kwamba Injili ihubiriwe kwa lugha ya wenyeji. Leonhard Blumer, Mwestonia aliyefanya kazi ya misheni kwa Waarusha kwa miaka mingi, aliitumia miaka hiyo kujifunza na kuandika Kimaasai. Mtoto aliyesikia lugha ya mama yake ikisomwa kutoka kitabuni aliambiwa bila maneno kwamba alikuja shuleni na kitu, wala hakuja mikono mitupu. Sidai kwamba wamisionari walikuwa na elimu ya kiwewe. Hawakuwa nayo, na wengi wao walizidharau mila zilezile zilizowahifadhi watu. Lakini katika jambo hili la lugha walianzia mahali panapofaa.

2. Wageni wa Tengeru

Kizazi cha pili kilikuja kutoka Ulaya. Mwezi wa Septemba mwaka 1939 Poland ilivamiwa na Ujerumani kutoka magharibi na Urusi ya Kisovieti kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940 Wasovieti walizikusanya familia nyingi za mashariki ya Poland na kuzipeleka kwa treni za mizigo hadi Siberia na Asia ya Kati, kufanya kazi za sulubu kwenye misitu na mashamba. Njaa, baridi na maradhi viliwaua wengi. Baada ya Ujerumani kuishambulia Urusi mwaka 1941, yalifanyika mapatano yaliyowafungua Wapolandi hao, na mwaka 1942 zaidi ya watu 100,000, wanajeshi na raia, walivushwa hadi Iran. Miongoni mwa raia walikuwamo maelfu ya watoto, wengi wakiwa yatima.

Waingereza walitafuta mahali pa kuwaweka. Hivyo ndivyo Wapolandi wapatao 18,000 walivyoletwa Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Katika Tanganyika makambi yalikuwa Tengeru, Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Wasomaji wetu wa Nyanda za Juu Kusini watatambua kwamba Kidugala ni kituo cha zamani cha misheni ya Berlin. Kubwa kuliko yote ilikuwa Tengeru, kilomita chache kutoka mjini Arusha, iliyohifadhi watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto.

Walikaa katika vibanda vya duara vilivyopakwa chokaa na kuezekwa kwa majani. Malaria iliwapata, na baadhi yao waliokwisha kudhoofika kwa njaa ya Siberia hawakuinuka tena. Makaburi yapatayo 150 yapo Tengeru hadi leo, nayo yanatunzwa. Mwanafunzi wa Makumira akitaka kuyaona hana safari ndefu.

Jambo la kushangaza ni lile walilolifanya mapema kabisa baada ya kuwasili. Walifungua shule. Walimu walikuwa wakimbizi kama wanafunzi wao; vitabu vilikuwa haba, na mengi yalifundishwa kutoka kichwani. Kwa muda kambi ikawa na chekechea, shule za msingi, sekondari, na mafunzo ya ufundi kama vile ushonaji na kilimo. Palikuwa na kanisa, kwaya, michezo ya kuigiza, vikundi vya skauti, na bustani zilizolisha kambi. Somo liliendeshwa kwa Kipolandi, na sikukuu za kwao ziliadhimishwa kwa tarehe zake, ingawa Krismasi yao sasa ilikuwa na jua kali na migomba.

Tukiutazama mpango huo kwa jicho la mwanasaikolojia wa elimu, twaona mambo manne. Kwanza, mtoto aliyekuwa hajui kesho italeta nini alipewa siku yenye utaratibu: kengele, sala, somo, chakula, mchezo. Pili, yatima hawakuachwa peke yao. Walikuwa na walezi waliowajua kwa majina. Tatu, hawakutendewa kama wagonjwa wa kuhurumiwa tu. Walipewa kazi: kuimba, kulima, kushona, kuwaongoza wadogo. Nne, lugha na imani yao vilikuwa ndiyo mlango wa masomo mengine yote.

Vita ilipokwisha mwaka 1945, wengi hawakuwa na pa kurudi, kwa maana mashariki ya Poland ilikuwa imeingizwa katika Urusi ya Kisovieti. Walitawanyika polepole kwenda Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Mwaka 1949 kundi la yatima wapatao 150 liliondoka Tengeru, likapitia Italia na Ujerumani hadi Kanada, likiwa pamoja na padre Mfransisko, Łucjan Królikowski. Serikali ya Kikomunisti ya Poland ilidai kwamba watoto hao wametekwa. Padre huyo alibaki kuwa kama baba yao huko Kanada, akafariki mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 100.

3. Wataalamu waliyoyagundua baadaye

Walimu wa Tengeru hawakuwa na kitabu cha kuwaongoza katika jambo hilo. Miaka ileile, huko London, Anna Freud na Dorothy Burlingham walikuwa wakiwalea watoto wadogo walioathiriwa na mabomu ya Wajerumani. Waliona jambo ambalo halikutazamiwa: kwa mtoto mdogo, kutengwa na mama yake mara nyingi kuliumiza kuliko bomu lenyewe. Kwa hiyo waliwagawa watoto katika familia ndogondogo, kila moja na mlezi wake. Mwaka 1951 daktari John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani taarifa iliyotia mkazo hoja ya namna hiyo.

Baadaye Emmy Werner aliwafuatilia watoto wote waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, wapatao 700. Miongoni mwao alichagua wale waliokulia katika taabu nyingi, yaani umaskini, ulevi na magomvi ya nyumbani. Aligundua kwamba kama theluthi moja ya hao walikua wakawa watu wazima wenye uwezo na upendo. Alipotafuta sababu alikuta, pamoja na mambo mengine, kwamba watoto hao walikuwa na walau mtu mzima mmoja aliyewajali daima: bibi, mwalimu, jirani, au kiongozi wa kanisa. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliingiza maradhi yatokanayo na kiwewe katika orodha yao rasmi. Mwaka 1998 utafiti wa Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao ulionyesha kwamba madhila ya utotoni huambatana na maradhi ya utu uzima.

Kwa muhtasari, elimu hii yasema hivi. Mwili wa mtoto aliyetishwa sana hujifunza kungoja hatari. Akili yake iko mlangoni, inasikiliza nyayo, haiko ubaoni. Kumbukumbu yake hukatika, hasira yake huwaka upesi, au yeye mwenyewe huzizima na kukaa kama asiyekuwapo. Kumpiga mtoto huyo ni kumthibitishia kwamba hofu yake ilikuwa sahihi. Kinachomrudisha ni usalama, utaratibu unaotabirika, mtu anayemjua, na kazi anayoiweza. Usalama hutangulia, na somo hufuata.

Msomaji wa Biblia atakumbuka Eliya chini ya mretemu. Nabii alikuwa ametoka katika damu na vitisho, naye aliomba kufa. Malaika hakumhubiria wala hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili. Swali la Mungu lilikuja baadaye, Horebu. Na lilipokuja lilifuatwa na kazi mpya na habari kwamba Eliya hakuwa peke yake. Mpango wenyewe ni uleule: pumziko, chakula, kusikilizwa, kazi, na wenzi.

4. Ngare Nanyuki na mipaka ya fundisho hili

Kama makala ingekomea hapa, ingekuwa simulizi tamu na isiyo kweli. Maana kambi ya Tengeru ilikuwa inafungwa wakati uleule watoto wengine wa mlima huohuo walipokuwa wakifukuzwa makwao.

Baada ya vita serikali ya kikoloni ilipokea mapendekezo ya Jaji Mark Wilson kuhusu ardhi ya Arusha na Moshi. Kwa kuyafuata, iliamua kuwaondoa Wameru kutoka Ngare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa mlima, ili mahali hapo pawe mashamba ya mifugo ya walowezi. Wameru walikataa. Tarehe 17 Novemba 1951 kazi ya kuwaondoa kwa nguvu ilianza. Watu wapatao 3,000 walitolewa. Nyumba zao zilichomwa na mifugo yao ikaswagwa. Waliambiwa waende Kingori, nao waliikataa fidia, kwa kuwa kuipokea kungekuwa kukiri kwamba wameuza.

Tulinganishe. Serikali iliyowapa watoto wa Poland kibanda, chakula na shule chini ya Mlima Meru ndiyo iliyowachomea moto nyumba watoto wa Kimeru, si mbali na hapo. Sisemi hivi kuwalaumu Wapolandi, ambao hawakuwa na neno katika jambo hilo na waliokuwa wenyewe wamenyang'anywa kila kitu. Nasema kwa sababu linatufundisha kwamba watu wanaweza kuona jeraha la mtoto mmoja na kulipofukia la mwingine. Katika utaratibu ule uliowagawa watu kwa rangi, mtoto wa Kizungu aliyefukuzwa kwao aliitwa mkimbizi. Mtoto Mwafrika aliyefukuzwa kwao aliitwa kizuizi cha maendeleo.

Nguvu za Wameru zilionekana hapo. Watu walichangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York pamoja na mwanasheria wao Earle Seaton, mwenyeji wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akawa Mtanganyika wa kwanza kulieleza shauri la watu wake mahali pale. Katika Baraza Kuu hoja ya kuwaunga mkono haikupata theluthi mbili za kura zilizohitajika. Ardhi haikurudi kwa kura ile. Lakini habari ya Ngare Nanyuki ilienea nchini kote, nayo ikawa sehemu ya mwamko uliotangulia kuundwa kwa TANU mwaka 1954.

Hapa ndipo fundisho la wanasaikolojia linapohitaji kupimwa. Kutazama nguvu za mtoto kunaweza kugeuka kuwa kisingizio. Mwenye mamlaka aweza kusema: watu hawa ni hodari, watastahimili, kwa nini tuharakishe kuwatendea haki? Wameru walikuwa hodari, naam. Lakini mtoto aliyelala nje mwezi wa Desemba mwaka 1951 hakuhitaji kusifiwa ustahimilivu wake. Alihitaji nyumba yake. Nguvu za mtu si hoja ya kuendelea kumuumiza.

Luther, katika mabishano ya Heidelberg ya mwaka 1518, alifundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba hukiita kitu kwa jina lake; haliiti ovu kuwa jema. Fundisho hilo latufaa hapa. Anayeona nguvu bila kuliona jeraha husifu bure. Anayeliona jeraha bila kuziona nguvu humfanya mtoto kuwa ombaomba wa daima. Na anayeyaona yote mawili asiuulize mkono ulioumiza, huyo naye hajamaliza kazi. Msalaba wa Kristo hauachi lolote kati ya hayo matatu: unalionyesha jeraha waziwazi, unamtaja aliyehukumu bila haki, na kutoka hapohapo unatoa uzima.

5. Yanayotupasa

Mwaka 1954 chuo cha theolojia kilihamishwa kutoka Lwandai, Usambara, hadi Makumira, kati ya kambi iliyofungwa na mashamba yaliyonyang'anywa. Tangu wakati huo wachungaji wa kanisa letu wamesomea katika ardhi yenye kumbukumbu hizi zote mbili. Je, zimetufundisha nini kwa ajili ya watoto wa leo?

Kwanza, tuuachilie mbali upesi wa kuwaita watoto wavivu na wakaidi. Kabla ya kuuliza mtoto ana kosa gani, tuulize amepatwa na nini. Na baada ya hapo tuulize anaweza nini. Swali la tatu ndilo tunalolisahau mara nyingi zaidi.

Pili, tulifikiri upya jambo la fimbo. Kanuni za nchi za mwaka 1979, na zilizofuata mwaka 2002, zinaruhusu viboko shuleni kwa masharti. Kinachoruhusiwa na kanuni si lazima kiwe cha hekima, wala shule ya kanisa hailazimiki kutumia kila ruhusa iliyopewa. Luther mwenyewe, alipowaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 juu ya shule, alizikumbuka shule za utoto wake kwa uchungu kwa sababu ya vipigo vingi na elimu kidogo. Tangu siku zake hadi zetu ni miaka mia tano. Imetosha.

Tatu, darasa la kipaimara liwe na utaratibu unaotabirika na mtu mzima asiyebadilika. Mwinjilisti anayekuja kila Jumamosi saa ileile, anayejua jina la kila mtoto na jina la bibi yake, anafanya kazi ambayo Werner aliikuta Kauai, hata kama hajawahi kulisikia neno saikolojia.

Nne, mtoto apewe kazi kanisani kabla hajamaliza kujifunza. Kwaya, usomaji wa masomo, bustani ya usharika: hizi si zawadi kwa wale waliofaulu. Kwa mtoto aliyejeruhiwa zenyewe ni sehemu ya kupona.

Tano, tukiri kwamba kanisa nalo limewahi kuumiza. Wanaoukumbuka mgogoro wa kanisa Umeruni mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanajua kwamba watoto waliona wazazi wao wakigombana kwa ajili ya madhabahu. Watoto wale leo ni wazazi, na baadhi yao ni wachungaji. Yafaa wapate mahali pa kusema waliyoyaona.

Hitimisho

Vizazi vitatu vya watoto waliojeruhiwa wamepita chini ya Mlima Meru. Wa kwanza waliingia shule ya watu wenye sura ya adui zao, nao wakasaidiwa na ukoo na lugha. Wa pili walipokelewa vema, wakafundishwa na walimu waliokuwa na majeraha kama wao. Wa tatu walifukuzwa, na wazee wao wakawaonyesha kwamba mtu aliyenyang'anywa anaweza kusimama na kusema mbele ya mataifa. Hakuna hata kizazi kimoja ambacho kilikuwa na majeraha tu.

Ndugu msomaji, ukipita barabara ya Arusha kuelekea Usa River, geuka siku moja uingie Tengeru uyaone makaburi yale, na siku nyingine uzunguke mlima hadi Ngare Nanyuki. Kisha urudi kwenye darasa lako, umtazame upya yule mtoto aliyeketi nyuma.